Mateka wa Mume Wangu

Mume wangu alipoona hataamka tena kitandani, aliniagiza jambo moja tu kuhusu maziko yake. Hakutaja jeneza, hakutaja ng'ombe wa kuchinja. Alisema, "Mtani wangu asimame kaburini." Na mtani aliyemtaka hakuwa Mngoni wala Mzaramo. Alikuwa Mtaliano, mzee wa nywele nyeupe aliyekuwa akichimba visima vya misheni huku kwetu upande wa Kishapu.

Naandika haya kwa sababu wajukuu zangu wanaisimulia habari hii kama kichekesho. Mimi nilikuwepo, na haikuwa kichekesho. Shule yangu ni kisomo cha watu wazima, nilikisoma nikiwa na mtoto mgongoni, kwa hiyo asiyeupenda uandishi wangu na avumilie.

Nianze na utani, maana watoto wa siku hizi wanadhani utani ni kuchekana tu. Utani una asili. Makabila mawili yalipigana zamani, yakauana, yakachoka, yakapatana. Kuanzia hapo watu wake hutukanana bila kugombana, na mmoja akifa, mwenzake huja msibani kufanya vituko. Huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo wake, huwazuia wachimba kaburi, husema marehemu alikuwa mchoyo na mwizi wa kuku. Watu hucheka huku machozi yanawatiririka. Lakini shika hili: maneno hayo hayo akiyasema mtu asiye mtani, ni laana. Amemtukana maiti, na nyumba nzima itaibeba. Ndiyo maana mtani wa kaburini lazima awe mtani wa kweli.

Sasa mume wangu alimpata wapi mtani Mzungu? Alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza. Katika vita vya Waingereza na Wajerumani alipelekwa Abisinia kupigana na Wataliano. Alirudi na koti zito la jeshi, kovu gotini, na hadithi moja aliyoisimulia miaka hamsini: jinsi Wataliano walivyotoka mabondeni mikono juu, wengine wanalia, na yeye, kijana wa Kisukuma aliyezoea kuswaga ng'ombe, akawaswaga vivyo hivyo mpaka kambini.

Mtaliano alipofika kijijini na mtambo wake, mwanzoni mwa miaka ya tisini, watu wote tulikwenda kuutazama mtambo. Mume wangu hakuutazama. Alimtazama mwenye mtambo, akamkadiria umri kwa macho, akamwendea na mkongojo wake.

"Wewe Mtaliano?"

"Ndiyo, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Vita ile ya zamani, ulikuwa askari?"

"Nilikuwa."

"Basi nilikupiga mimi! Nyanyua mikono!"

Watu wakaangua kicheko. Mtaliano alikuwa ameshika spana kubwa. Akamtazama mume wangu, akatutazama sisi, halafu akanyanyua mikono yote miwili na spana yake juu. Akina mama wakapiga vigelegele. Siku ile ile mume wangu akatangaza: watu waliopigana wakapatana ni watani, na huyu ni mtani wangu.

Hakumuuliza alipigana wapi. Kwa mume wangu Wataliano wote walipigana Abisinia, na wote walishindwa. Kosa lilianzia hapo. Mimi nami nilisimama pale pale, na sikuuliza.

Kwa miaka minne mitano Mtaliano alikuwa mtu wa nyumbani. Kisima chetu kilipokwisha kuchimbwa alihamia vijiji vya mbele, lakini Jumapili baada ya ibada gari lake lilikuwa mlangoni kwangu. Aliingia bila hodi, kama mtani anavyoingia, akafunua chungu.

"Mama, leo kuna nini?"

"Kuna ugali wa mtama na mlenda. Hutaki, nenda ukale kwa mapadri."

"Nataka."

"Mateka huyu anakula kuliko kikosi kizima," mume wangu alisema. "Ndiyo maana mlishindwa. Mlikuwa mnapika."

"Tulishindwa kwa sababu nyinyi mlinuka ng'ombe. Farasi wetu walikimbia."

"Hawakukimbia. Mliwala!"

Basi hivyo. Mume wangu alimnyang'anya kofia, naye akaondoka na jogoo wangu, jogoo wa mbegu, nikamfuata mpaka barabarani nikimpigia kelele, akamwachia mlangoni mwa gari. Nilikasirika kweli. Mtani hadaiwi, lakini jogoo wa mbegu ni jogoo wa mbegu.

Jambo moja niliona, nikaliacha lipite. Mume wangu kila alipoanza kusimulia Abisinia, milima yake, baridi yake, Mtaliano hakuongeza neno. Alicheka wanapocheka wengine. Mtu aliyekuwepo huwa hakosi la kusahihisha. Nilidhani ni aibu ya aliyeshindwa.

Mwaka ule mvua zilipochelewa, mume wangu akaanza kuvimba tumbo. Mtaliano ndiye aliyetupeleka hospitali ya Kolandoto kwa gari lake, akatusubiri, akaturudisha. Madaktari walituambia kwa upole kwamba mzee apumzike nyumbani, na mtu mzima akiambiwa apumzike nyumbani anajua. Ndipo mume wangu akaniagiza lile agizo la mtani.

Nikamsubiri Mtaliano mpaka Jumapili. Nilikuwa uani napepeta mtama. Nikampa kigoda, nikamweleza kazi ilivyo. Utavaa lile koti la Keya. Utatembea kwa mkongojo wake. Wakitaka kumteremsha utasimama mbele ya kaburi, utanyanyua mikono, utamwambia, "Amka unifunge, unamwachia nani mateka wako?" Watu watacheka, utapisha, tutamzika.

Akasema, "Siwezi, Mama."

"Kiswahili chako kinatosha."

"Si Kiswahili. Mimi si mtani wake."

Nikaendelea kupepeta. Nilidhani anataka kusihiwa. Akasema tena, polepole, kama anayemfundisha mtoto, "Sijawahi kufika Abisinia. Mzee alipokuwa Abisinia mimi nilikuwa mtoto wa shule."

Nikauweka ungo chini.

Alinieleza kila kitu, na nitakisema kama nilivyokielewa. Vita vilipoendelea, wakubwa wa Utaliano walimwacha Mjerumani, rafiki yao wa mwanzo, wakapatana na Mwingereza. Nchi ikapasuka vipande viwili. Wajerumani wakabaki humo kwa nguvu. Vijana wengine wakakimbilia milimani kupigana nao, na kaka yake alikuwa mmoja wa hao. Wengine wakaenda kwa Wajerumani wenyewe, wakavaa nguo zao, wakala kiapo chao. Yeye alikuwa na miaka kumi na minane. Akaenda kwa Wajerumani.

"Walikukamata?"

"Hapana. Nilikwenda kwa miguu yangu. Niliona aibu kwamba tumemwacha rafiki katikati ya vita. Na buti zao zilikuwa nzuri." Alisema hivyo, kuhusu buti, wala hakucheka.

Hawakumpeleka kupigana na majeshi. Walimpeleka kwenye milima ya kwao kuwasaka waliojificha na watu waliowalisha. Wajerumani hawakujua lugha ya pale. Wakifika kwenye nyumba, watu wamejifungia, wao husimama nyuma kimya, na yeye ndiye hutumwa mlangoni kuita. Aliita kwa lugha ya kijijini, lugha ya mama yake. Tokeni, msiogope, ni sisi. Wakasikia sauti ya mtu wao, wakafungua.

"Mkawafanya nini?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Nyumba zilichomwa. Wanaume walipigwa risasi. Mara moja, si wanaume peke yao. Mimi nilikuwa naita tu, Mama."

"Usiseme tu."

"Sawa. Nilikuwa naita."

Vita vilipokwisha alivua zile nguo, akazitupa mtoni, akaenda mji wa mbali kujifunza ufundi, kisha akaja Afrika na mapadri. Hakuna mahakama iliyomwita. Kaka yake alirudi kutoka milimani mzima, na tangu siku ile hajamsemesha neno.

Nikamuuliza jambo lililokuwa likinikera. "Basi siku ile ya kwanza, kwa nini ulinyanyua mikono?"

"Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniambia ninyanyue."

Sitasema nilimhurumia. Nilikuwa na hasira. Mgonjwa wangu alikuwa ndani, siku zake chache, na sasa nimewekewa jambo hili mikononi. Nikinyamaza, mtu asiye mtani atasimama kaburini kumtukana mume wangu, na laana itatubakia sisi. Nikisema, mume wangu atakufa akijua kwamba mtani wake wa mwisho ni uongo. Nikamwambia, "Mimi siubebi mzigo huu. Uliuleta wewe. Ingia umwambie mwenyewe."

Akaingia. Nikakaa kwenye kizingiti, sikujificha.

Mume wangu alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na yeye alikuwa mtu wa kukatiza. Kisha akauliza kama askari anavyomuuliza askari.

"Nani alikupeleka?"

"Miguu yangu."

"Ulikuwa na njaa nyumbani?"

"Hapana."

"Ungeweza kwenda na kaka yako?"

"Ningeweza. Aliniita."

Halafu mume wangu akasema, "Sasa mimi miaka yote hii nilikuwa nimemteka nani?" Akageukia ukutani.

Siku tatu hakumtaja. Mtaliano alikuja kila siku, akaketi nje kwenye mti wa mkokoteni wa ng'ombe, hakuitwa, akaondoka. Mwanangu mkubwa alikuwa amefika kutoka Geita, alikokuwa akichimba dhahabu kwenye mashimo. Nikamweleza. Akasema, "Mama, kwani tatizo liko wapi? Nesi wa zahanati ni Mngoni, mtani wa halali kabisa. Kule machimboni kwetu mtu akifukiwa shimoni anazikwa na yeyote mwenye mikono." Nikamwambia hapa si machimboni. Lakini habari ya nesi niliiona ya maana, nikaenda kumwambia mume wangu kwamba tumepata mtani wa halali.

"Mwite Mtaliano," akasema.

Mtaliano akaja akasimama miguuni pa kitanda. Mume wangu sauti ilikuwa imebaki kidogo, lakini ile ya amri haikuwa imeondoka.

"Utani huja vita vikiisha. Mimi na Wataliano vyetu viliisha. Wewe vyako bado. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mzee."

"Utasimama kaburini. Lakini mikono usinyanyue. Usiniige. Utasema ulichoniambia hapa, chote, mbele ya watu."

Mimi nikaingilia. "Baba watoto, hayo yasemwe msibani? Mbele ya watoto?"

"Mtani kazi yake ni kusema yaliyofichwa. Aseme."

"Lakini si mtani!"

"Mwenye kufa ni mimi," akasema, "na mtani wangu namchagua mimi." Akafumba macho kuonyesha kwamba mazungumzo yamekwisha. Aliishi siku tano zaidi.

Tulimzika mchana. Watu walikuwa wengi, wazee wawili watatu wa Keya waliobaki walikuja na mikongojo, na watu wa visima walikuja na gari la misheni. Nesi wa Kingoni alikuwa ameanza vituko tangu asubuhi. Alikuwa amejifunga kanga yangu kichwani, anapitapita akisema marehemu alimuahidi ng'ombe na sasa anatoroka. Watu walikuwa wamelainika, wamezoea kucheka.

Walipomleta mume wangu kaburini, Mtaliano akatoka kwenye watu. Alikuwa amevaa lile koti, kwa sababu mwanangu alimvisha, hakujua la kufanya jingine. Mikono ya koti ilimfikia vidoleni. Kabla hajafungua kinywa watu walikwisha anza kucheka.

"Mateka huyo!" mtu akapaza sauti.

"Nyanyua mikono, bosi wako amekufa!"

Hakunyanyua. Akasema kwa sauti, Kiswahili chake kikipinda kila kona, "Mimi sikuwa mateka wake. Hakunishinda. Sikwenda Abisinia."

Kicheko kikalipuka. Mzee mmoja wa Keya akajibu, "Umekana leo kwa sababu hayupo! Nilikuona kwa macho yangu ukilia!"

"Mimi nilikuwa kwa Wajerumani," akaendelea. "Nilivaa nguo za Wajerumani. Nilikwenda kwa miguu yangu."

"Alikimbilia kwa Wajerumani!" nesi akadakia. "Jamani, huyu alipomwona mzee wetu alikimbia mpaka Ujerumani!"

Akina mama wakashikana wasianguke. Hata mwanangu alikuwa akicheka, machozi yanamtoka, hajalala siku tano. Mtaliano akangoja watulie. Hawakutulia. Akaanza kusema juu ya kelele zao, haraka, maneno yanagongana: niliwaita watu wangu watoke nyumbani, niliwaita kwa lugha yetu, wakatoka, wakauawa, nyumba zikachomwa, nami nilikuwa naita. Kila alipomaliza kipande, walipiga makofi. Alipokwama kutafuta neno, walimtajia maneno ya kipuuzi. Mtu akaiga sauti yake, "Tokeni, tokeni!" na watoto wakarudia wote kwa pamoja, tokeni, tokeni, wakirukaruka kando ya udongo.

Aligeuka akanitazama. Sikucheka. Nadhani katika watu wote wale ni mimi na yeye tu tuliosikia alichosema.

Kisha akapisha. Mume wangu akateremshwa, tukamwaga udongo. Njiani kurudi nyumbani watu walisema huo ndio utani, haujawahi kuonekana utani kama huo, Mzungu ana kipaji.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Mume wangu alihudhuria misiba tangu utotoni. Alijua kuliko mtu yeyote kwamba neno lolote la mtani kaburini halipimwi, ni la kucheka. Kwa hiyo alijua watacheka. Kuna siku nasema alifanya hivyo kwa huruma: alimpa mahali pa kulitoa jambo hilo kinywani bila mtu kuokota jiwe. Kuna siku nasema alimwadhibu, akamchagulia mahali pekee duniani ambapo hata akisema kweli hataaminiwa. Na kuna siku naona mzee wangu hakufikiria lolote katika hayo, alitaka tu mtani wake awepo, na alikuwa mkaidi. Hiyo ya mwisho ndiyo inayofanana naye zaidi.

Juu ya laana, niseme wazi: hakuna kilichotupata.

Baada ya kuanua tanga Mtaliano alikuja. Alipiga hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nikamkaribisha, nikampa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga, akala kidogo.

"Walicheka, Mama."

"Walicheka."

"Nilisema kila kitu."

"Ulisema. Nilikusikia."

"Basi imetosha?"

Alivyouliza hivyo nilimwona kama mtoto mkubwa aliyemaliza kazi nusu, anamtazama mama kama atamwachia. Sijawahi kumwachia mtoto wangu yeyote kazi nusu.

"Kwenu mna utani?" nikamuuliza. "Wa namna hii yetu, wa msibani?"

"Hapana. Hatuna."

"Mtu akisimama pale mlimani kwenu akayasema hayo, watacheka?"

"Hawatacheka."

"Basi ndiko yanakotakiwa kusemwa. Huku umeyafanyia mazoezi."

Alitaka kunijibu, nikaona mdomo unajiandaa. Nikamwambia najua ni mzee, najua ni mbali, najua kaka yake hataki kumwona. Hayo yote nayajua. Akaniuliza, taratibu, kama akienda aanze vipi, maana tangu vita viishe hajapata neno la kwanza. Nikamwambia asianze na miaka yake aliyokuwa nayo, kumi na minane, wala asianze na aibu ya kumwacha rafiki, hayo watu hawakumuuliza. Aanze na nyumba ipi, ya nani, na nani alifungua mlango.

Aliondoka kabla ya mavuno ya pamba. Mtambo walikuja kuuchukua vijana wengine, wakasema mzee ameomba kurudi kwao. Kama alifika kwa kaka yake, au aliketi tu mjini akaogopa, sikuletewa habari. Watu bado huniuliza mtani wetu yuko wapi. Nawaambia amekwenda kwao. Zaidi ya hapo sijui, na sitabuni.